Kopo la mama, na jina la kuzaliwa la dawa

Mama alishuka kwenye basi la kutoka Mbinga akiwa kavaa ndala za marehemu baba. Mie niko pale stendi Songea namsubiri tangu saa nne, namuona anashuka ngazi moja moja kama mtu anayeshuka mtini, nikamwamkia shikamoo mama, marahaba mwanangu, mbona ndala za baba leo, akasema viatu vyangu vimenikataa. Nikaangalia chini. Miguu imejaa mpaka kifundo hakionekani, na pale mkanda wa ndala ulipopita pamechimba mfereji. Tulivyofika nyumbani nikambonyeza na dole gumba juu ya mfupa, nikaachia, shimo likabaki vile vile kama umebonyeza unga wa maandazi.

Nikamwambia mama hebu nipe dawa zako nizione. Akatoa kopo la Blue Band kwenye kikapu.

Niseme kidogo mie ni nani ili mtu asije akadhani anasoma maneno ya daktari. Sio daktari na wala sio mfamasia, ni mtoa dawa kwenye duka la dawa muhimu, haya maduka ya DLDM, ambayo kama hujui yalianzia huku huku kwetu Ruvuma mwaka 2003 ndo yakasambaa mikoa mingine. Zamani ilikuwa duka la dawa baridi tu na muuzaji anaweza akawa yeyote, shemeji wa mwenye duka, mradi anajua kurudisha chenji. Sisi tulipelekwa kozi, tukafanya mtihani, tukapewa cheti, na wakati haya yananitokea nilikuwa na mwaka wa tatu nyuma ya kaunta, nahesabu vidonge na kile kijiti bila hata kuangalia, kwa hiyo nilikuwa najiona najua. Hilo la kujiona najua mlishike, tutalirudia.

Nikamwaga kopo kitandani.

Cha kwanza kuangukia shuka ni Panadol, hiyo sikuijali, kila kopo la mama wa Kitanzania lina Panadol. Lakini hapo hapo ndo nilikumbuka siku ya kwanza ya kozi. Mwalimu wetu alikuwa mzee mmoja mfamasia mstaafu, mpole, anaongea taratibu mpaka unasinzia, aliingia na pakti nne mkononi akazipanga mezani akauliza hizi dawa ngapi. Sisi tukajibu nne, tena kwa sauti. Akasema ni moja. Akatuita mmoja mmoja tusome maandishi madogo chini ya lile jina kubwa la rangi, na kweli zote nne zimeandikwa kitu kimoja, paracetamol 500 mg. Akasema dawa ina majina mawili, kuna jina la kuzaliwa na kuna jina la dukani, la dukani kampuni inajipa yenyewe kama mtu anavyojipa jina la kijiweni, linaandikwa kubwa na linabadilika ukivuka mpaka, lakini la kuzaliwa linaandikwa dogo na huko kote dawa inakwenda nalo (hata hapo kuna wakaidi, Wamarekani parasetamo wanaiita asetaminofeni, lakini hao ndo walivyo). Akasema ukimuuza mtu dawa kwa jina la dukani peke yake umemuuza kofia, kichwa hujui cha nani.

Tulicheka. Mie nilidhani ni maneno ya mzee tu kuchangamsha darasa, mpaka nilipoanza kazi akaja fundi ujenzi mmoja ana mafua, kila kiungo kinauma, anameza Panadol mbili mbili mara nne kwa siku, na anataka na vile vidonge vya mafua vya pakti ya rangi rangi. Nikageuza pakti kusoma, ndani kuna parasetamo, kuna klofeniramini ile tunayoiita Piritoni ya kukausha pua, kuna na kafeini. Yaani angekuwa anameza parasetamo mara mbili kwa majina mawili. Mtu mzima mwisho wake ni gramu 4 kwa masaa 24, ni vidonge 8 vya miligramu 500, na yeye kwa Panadol peke yake alishafika hapo hapo kwenye ukingo. Ubaya wa parasetamo ikizidi haikwambii. Ini linaumia kimya kimya, siku ya kwanza unaweza ukajisikia kichefuchefu tu au usisikie kitu, na ukija kuona macho ya njano mambo yameshaharibika. Fundi akaniambia dada wewe unaninyima dawa, akaondoka amenuna. Sijui kama alienda duka la jirani.

Turudi kitandani. Kitu cha pili kwenye kopo kilikuwa kibahasha cha amoksilini, zile kapsuli za rangi mbili, zimebaki sita. Mama hizi za nini? Za kifua, cha mwezi wa tatu, nilipona nikazibakiza, zitafaa tena. Dozi ilikuwa siku tano, kapsuli 15, kameza tisa. Juu ya bahasha pameandikwa 1x3.

Hii 1x3 ndugu zangu ina kesi yake. Sisi tunaisoma "moja kutwa mara tatu", na mgonjwa anaitikia haya, anaenda. Lakini kutwa kwa Kiswahili ni mchana, toka jua linapotoka mpaka linapozama, usiku ni kucha, ndo maana tunasema kutwa kucha. Sasa mtu mwenye Kiswahili chake kizuri anakutii, anameza asubuhi na chai, mchana na ugali, saa kumi na mbili jioni anamaliza ya tatu, halafu masaa kumi na mbili usiku kucha hana kitu mwilini. Wakati aliyeandika alikuwa na maana ya kila baada ya masaa 8. Kwa Panadol sio neno, kwa amoksilini ni neno kubwa kwa sababu mwili unaitoa haraka sana, kama lisaa limoja hivi nusu yake imeshapungua kwenye damu, na ikipungua kupita kiasi bakteria wanapumua. Mie siku hizi sisemi kutwa, nasema saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku, na namwambia arudie. Kuna mzee mmoja aliandikiwa 2x3 duka fulani akapiga hesabu ya darasa la pili, akameza sita kwa pamoja akisubiri kesho. Hesabu yake ilikuwa sahihi, kosa ni la aliyeandika.

Hiyo habari ya nusu kupungua mwalimu aliiita nusu uhai wa dawa, na ndo somo pekee nililolielewa mara ya kwanza kwa sababu alitumia mfano wa deni. Unadaiwa elfu nane, kila mwezi unalipa nusu ya deni lililobaki, elfu nne, mbili, moja, mia tano, haliishi siku moja lakini baada ya miezi mitano limebaki dogo la kusahaulika. Dawa nazo zinatoka mwilini hivyo hivyo, ila kila moja na spidi yake. Parasetamo nusu uhai wake ni kama masaa mawili au matatu, ndo maana unarudia baada ya masaa sita. Azithromaisini inang'ang'ania mwilini siku kadhaa, ndo maana ni moja kwa siku, siku tatu, basi, na watu wanadhani umewapunja dozi. Na kuna dawa ya presha inaitwa amlodipini, hiyo nusu uhai ni masaa 30 mpaka 50. Hii ya amlodipini niliijibu kwenye mtihani nikapata, nikaisahau.

Kitu cha tatu na cha nne kitandani vilikuwa stripu mbili. Moja ya rangi ya fedha, vidonge vidogo vyeupe. Nyingine ina mstari wa bluu, vidonge vikubwa kidogo. Nikauliza hii ya nini, akasema presha. Na hii? Presha. Ile ya kwanza ya zamani alipewa zahanati ya kule kwetu, hii ya pili alipewa kituo kingine mjini mwezi uliopita, alivyopimwa presha ikawa juu wakamwambia tunakuongezea dawa nyingine. Walimuuliza unatumia nini, akasema natumia ya presha. Ipi? Ile nyeupe. Basi, mazungumzo yakaishia hapo. Siwalaumu sana, foleni naijua, na mgonjwa anayesema "ile nyeupe" ni kama mtu anayekwambia namtafuta mtoto wa shule mwenye shati jeupe.

Nilichukua tochi ya simu nikageuza ile stripu ya kwanza. Nyuma, kwa herufi za kutafuta na sindano: amlodipine 10 mg. Nikachukua ya mstari wa bluu. Jina kubwa halifanani hata herufi moja. Chini yake: amlodipine 10 mg.

Nilikaa chini.

Wengi wetu dawa tunaiita kwa jina la ugonjwa, dawa ya presha, dawa ya sukari, dawa ya vidonda vya tumbo, kwa hiyo mtu akiwa na mbili anaona ana mbili. Lakini ndani ya hiyo "dawa ya presha" kuna koo nyingi na kila ukoo una kazi yake. Mwalimu alileta mfano wa mpira wa kumwagilia bustani, akasema maji yakitoka kwa nguvu sana unafanyaje? Mmoja akasema punguza bomba. Mwingine akasema weka mpira mpana. Mwingine akasema punguza maji kwenye tangi. Akasema haya, mmeshamaliza somo. Kundi la atenololi na propranololi linapunguza kasi na nguvu ya moyo. Kundi la amlodipini na nifedipini linalegeza mishipa ipanuke. Dawa za kukojoa, kama furosemaidi na bendrofluazaidi, zinatoa chumvi na maji. Halafu kuna kaptoprili na enalaprili, na binamu zao losartani, hao wanazuia ile amri ya mwili inayoiambia mishipa ijikaze. Daktari anaweza akakupa mbili tatu kutoka koo tofauti na hapo ndo akili yenyewe, zinasaidiana. Lakini mbili za ukoo mmoja, tena dawa ile ile, hujasaidiwa, umezidishiwa. Amlodipini mwisho wake kwa siku ni miligramu 10. Mama alikuwa anameza 20.

Na ukoo unaujua kwa mkia wa jina la kuzaliwa, ndo raha ya hili jambo ukishalizoea. Jina likiishia na o-l-o-l huyo ni wa kupunguza kasi ya moyo, na mwenye pumu akae naye mbali mpaka daktari aseme, kwa sababu anaweza kubana njia za hewa. Likiishia p-r-i-l, mgonjwa akija analalamika kikohozi kikavu kisichoisha miezi, usikimbilie kumuuzia sirapu, muulize kwanza presha anatumia nini, wengi kikohozi kinaletwa na hiyo hiyo dawa, na wakibadilishiwa kuwa s-a-r-t-a-n kinaondoka. Likiishia d-i-p-i-n-e ni wa kulegeza mishipa. Likiishia c-i-l-l-i-n ni penisilini, na aliyewahi kuvimba midomo kwa penisilini hata amoksilini inamhusu, hata kama jina la dukani limeandikwa jingine kabisa.

Ila mkia nao una mitego. Wiki ya pili ya kazi mie kwa ujuaji nilimwambia mteja kwamba omeprazoli inatoa na minyoo, kwa sababu nimeona albendazole ni ya minyoo na zote zinaishia a-z-o-l-e, nikasema ndugu hawa. Bosi wangu alinisikia kutoka stoo. Omeprazoli ni ya kupunguza asidi ya tumbo, mkia wake mzima ni p-r-a-z-o-l-e, na inamezwa kabla ya kula. Flukonazoli ni ya fangasi. Metronidazoli, yaani Flajili, ni ya amiba na bakteria fulani, na ukiinywa na pombe unaweza kujuta. Zote zina hiyo azole mwishoni lakini hawajuani, ni kama kina Juma, mtaa mzima umejaa kina Juma.

Sasa kwa nini mama hakuzidiwa siku ya kwanza alipoongezewa? Hapo ndo ule mtihani ulinirudia. Dawa yenye nusu uhai mrefu inajaa pole pole, kila siku unaongeza kabla ya jana haijatoka, amlodipini inachukua kama wiki nzima mpaka kufika kiwango chake. Kwa hiyo wiki ya kwanza mama alikuwa mzima anasifia dawa mpya. Miguu ilianza wiki ya pili, na wala hakuihusisha na dawa, alisema ni baridi ya Mbinga.

Akarudi kule kituoni na miguu yake. Wakampa kitu cha tano kilichokuwa kwenye kopo, bahasha ya furosemaidi, moja kwa siku. Hakuna aliyemwambia ameze asubuhi, yeye akawa anameza jioni baada ya kula kwa sababu ndo wakati anaokumbuka. Dawa ya kukojoa jioni! Usiku anaamka mara tatu mara nne, choo kiko nje, presha imeshuka kwa zile amlodipini mbili, anasimama ghafla kichwa kinazunguka, na siku tatu kabla ya kupanda basi alikuwa ameanguka mlangoni. Hakuniambia. Nimeliona goti lina kidonda ndo akasema.

Na miguu ilibaki vile vile. Nilikuja kuelezwa baadaye na daktari, ile miguu haikujaa kwa sababu mwili una maji mengi, ilijaa kwa sababu mishipa midogo imelegezwa sana na maji yanachuruzika nje kuingia kwenye nyama, na kwa kuwa ni miguu, yanakaa chini. Kwa hiyo ukimpa dawa ya kukojoa unamkausha mama huku miguu inabaki imejaa. Kuna maudhi ya dawa yanayojifanya ugonjwa mpya, na ugonjwa mpya unapewa dawa yake.

Nilikuwa nimeshapata hasira, nataka kupiga simu, nataka kusema watu. Nikaokota bahasha ya mwisho iliyokuwa imenasa chini ya kopo.

Mwandiko wangu.

Diklofenaki 50 mg, 1x2, baada ya kula. Nimeandika mie mwenyewe, nakumbuka na siku, mama alipiga simu magoti yanauma. Wanaojua mashamba ya Umatengoni, yale ya ngolo, ya kulima kwa mashimo milimani, wanajua magoti ya mama mkulima yanapitia nini. Nikahesabu vidonge, nikampa kondakta wa basi, na mwezi uliofuata nikatuma tena, na tena. Nilikuwa najisifu kwa wadogo zangu kwamba mie ndo namtunza mama. Na nilijua ana presha, sio kwamba sikujua, ila kichwani mwangu presha ilikuwa kwenye kabati moja na magoti kabati jingine.

Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu, hizi ni ukoo mmoja, dawa za maumivu zinazopunguza uvimbe ambazo sio steroidi. Zinazuia kemikali fulani mwilini zinazoleta maumivu, sawa, lakini kemikali hizo hizo zinalinda ukuta wa tumbo na zinasaidia figo kupata damu. Ukizizuia kila siku kwa miezi, tumbo linaweza kuchubuka, figo inaanza kubania chumvi na maji, na presha inapanda hata kama mtu anameza dawa yake vizuri. Tena zinaipunguzia nguvu ile furosemaidi. Kwa hiyo ukitaka kufuata kamba mpaka mwanzo, goti lilileta diklofenaki, diklofenaki ikasukuma presha, presha ikaleta amlodipini ya pili, amlodipini ikaleta miguu, miguu ikaleta furosemaidi, furosemaidi ikamwangusha mlangoni usiku. Na mwanzo wa kamba ni bahasha yangu.

Sikulala vizuri. Mama alilala fofofo, yeye hakuona kosa lolote, aliona mwanawe anasoma makaratasi.

Asubuhi nilitamani nimwachishe vyote mwenyewe, nikajizuia, kwa sababu kuna dawa za presha ambazo ukiziacha ghafla moyo unashtuka, hao wa o-l-o-l hasa, na kwa kuwa usiku ule nilishaona nisichokijua ni kingi. Tukaenda hospitali na kopo zima. Nesi akapima presha, 98/60, imeshuka. Daktari kijana, mpole, akamwamkia mama, akamwaga kopo mezani kama nilivyomwaga mie, akapanga, akageuza kila stripu kuangalia nyuma. Hakuniuliza ile bahasha nani kaandika, nikasema mwenyewe. Akasema dada si wewe tu, kila wiki naiona. Haikunifariji.

Akaagiza kipimo cha damu cha figo kwanza. Akaondoa amlodipini moja na akaipunguza iliyobaki kuwa 5. Akaondoa diklofenaki. Akasimamisha furosemaidi. Magoti akasema parasetamo, na ya kupaka, na fimbo, na mama apunguze kupanda mlima, hapo kwenye mlima mama akamwangalia kama mtoto aliyesema kitu cha ajabu. Figo ilikuwa salama. Niliposikia hivyo nilitoka nje nikakaa kwenye benchi.

Miguu haikupungua siku ile wala ya pili. Mama akaanza kusema dawa za huyu kijana hazifanyi kazi. Nikamweleza habari ya deni la elfu nane, kwamba ile iliyojaa wiki nzima inatoka taratibu, akanielewa vizuri kuliko mie nilivyoelewa darasani, maana madeni anayajua. Siku ya sita kifundo kikaanza kuonekana. Wiki ya tatu akavaa viatu vyake, presha 136/82, akataka kuondoka kesho yake maana kahawa haimsubiri mtu.

Dukani nilibadilika, na baadhi ya wateja hawanipendi kwa hilo. Mtu akija anataka diklofenaki namuuliza presha vipi, vidonda vya tumbo vipi, unatumia dawa gani nyingine, na akisema "hamna" namuuliza tena kwa njia nyingine, unameza nini asubuhi? Hapo ndo wanataja. Kuna mama alisema hatumii dawa yoyote, nilipouliza ya pili akasema labda Septrini tu za kila siku. Alikuja na homa, kapimwa malaria, na alitaka SP, zile dawa za malaria za zamani, kwa sababu dozi yake ni mara moja basi. Septrini na SP zote ndani zina salfa, yaani angemeza salfa mara mbili kwa majina mawili. Mseto ndo dawa ya malaria yetu tangu 2006, vidonge vinne asubuhi na jioni siku tatu, 24 kwa mtu mzima, ila ya pili siku ile ya kwanza ni baada ya masaa 8, na umeze na kitu chenye mafuta, maziwa, chapati, ili iingie vizuri mwilini. Akalalamika vidonge vingi. Nikamwambia mama afadhali vingi.

Na nimejifunza kuuliza vizuri neno aleji. Watu wa rika la mama wote watakwambia nina aleji na klorokwini, kwa sababu ilikuwa inawasha, nakumbuka nikiwa mdogo mama anajikuna mgongo kwenye fremu ya mlango, anacheka huku machozi yanamtoka. Ule muwasho wengi wetu waliupata, ulikuwa ni maudhi ya dawa, yanatabirika, yanaisha. Aleji ni mwili kuikataa dawa, midomo inavimba, pumzi inabana, ngozi inatoka malengelenge, na huyo hapewi tena hata chembe. Mtu akikuchanganyia hayo mawili unaweza ukamnyima dawa nzuri au ukampa ya kumuua, kwa hiyo simuulizi una aleji, namuuliza ilikufanyaje.

Wasichana wanaomeza deksa, yaani deksamethazoni, ili wanenepe mashavu sitawaandika leo, hao wanataka siku yao.

Mama nilimwandikia kwenye daftari la shule jina la kuzaliwa la dawa yake kwa herufi kubwa, AMLODIPINE 5, asubuhi moja, nikamwambia popote uendapo daftari linakwenda na wewe. Juzi kanipigia saa tatu usiku. Kaenda kuchukua dawa zahanati wamempa pakti ya kijani, yeye alizoea ya fedha, akaikataa, mhudumu kamwambia ni ile ile, akasema mwanangu yuko duka la dawa Songea hainiingii mpaka aseme yeye. Nikamwambia mama vaa miwani, geuza nyuma, nisomee maandishi madogo. Akaanza, a, m, l, o, hapa pamekunjwa, d, i... Nikamwambia endelea. P, i, n, e. Na namba? Akakaa kimya, nasikia anasogea kwenye taa. Kumi.

Nikamwambia usimeze, mama, kesho mrudishie, mwambie yako ni tano. Akasema nilijua tu hiyo kijani, halafu salio likakata.